Bima imesema mama yangu mzima

Mama yangu ana kisukari na presha, lakini tangu leo bima inamtambua kuwa hana ugonjwa wowote.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua kifurushi cha wazee. Tumetoka Makorora asubuhi kwenda ofisi ya bima, mama kapakata mfuko wake wa dawa.

Karani akamwamkia: "Shikamoo mama. Hali yako?"

"Marahaba mwanangu. Njema, alhamdulillahi."

Jamani, nani hapa Tanga hujibu vingine?

Karani akaandika hana maradhi, akamchagulia kifurushi kisicho na dawa za kisukari, akatuma fomu.

Nikamaka, "Huyu ana kisukari na presha!" Akanijibu, "Haibadilishwi mpaka mwakani. Mwenyewe kasema njema."

Tumerudi. Jirani kauliza, "Za huko, mama?"

"Salama, alhamdulillahi."

Dawa mfukoni zimebaki za siku nne.