Mjerumani Aliyecheza Namba Tisa Emali

Mjerumani huyo alikuja Emali miaka ya sitini kutengeneza pampu za visima vya kanisa. Mimi nilikuwa nakata tikiti pale stesheni ya reli, na jioni nilicheza winga wa kulia katika timu yetu. Siku moja alisimamisha gari kando ya uwanja, akatutazama kidogo, kisha akaomba kucheza. Alisema kwao alikuwa mshambulizi. Tulidhani anajisifu tu.

Kumbe kweli. Alifunga karibu kila Jumamosi, kwa kichwa na kwa mguu wa kushoto, na wauzaji wa sokoni wakawa wanafunika vitunguu vyao mapema waje kumwona. Shida yake ilikuwa moja: hakutoa pasi. Nilikimbia pembeni mkono juu, peke yangu kabisa, naye hata hageuzi shingo.

Tulipocheza na timu ya mji wa Wote aligongana na kipa wao, goti likateguka. Tulimlaza nyuma ya pikapu, akapelekwa hospitali Machakos. Tulijua sasa atarudi kwao. Badala yake alirudi uwanjani akichechemea, akatuambia kuanzia siku hiyo yeye ni kocha.

Kocha huyo hakufanana na yule mchezaji. "Pasi! Mpe mwenzako!" ndiyo yalikuwa maneno yake jioni nzima. Mara moja alimtoa mshambulizi wetu mpya, fundi baiskeli kutoka Kasikeu, kwa kupiga mwenyewe wakati mimi nilikuwa wazi. Fundi alitoka amenuna.

"Kocha, samahani," akasema, "lakini wewe ukicheza, ulikuwa unampa nani?"

Mjerumani hakumtazama fundi. Alinitazama mimi.

"Sikumpa mtu," akasema. "Huyu alikimbia bure miaka hiyo yote. Na nilikuwa namwona."

Siku zote nilijifariji kwamba hanioni. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi, tukaendelea na mazoezi.

Ubingwa hatukuupata. Timu ya Wote tuliifunga mara moja tu, fundi akimalizia krosi yangu, na Kocha akaruka kwa mguu mmoja mpaka akaanguka. Mkataba wake wa visima ulipokwisha alirudi Ujerumani. Fundi baiskeli ndiye aliyeishika timu baada yake, na kwa ukali alimshinda.