Maharagwe Yaliyokataa Kutoka

Jumamosi nilikuwa kwa duka la vyombo vya umeme hapa Kitengela nikinunua balbu, mama mmoja akaingia amekumbatia sufuria ya presha ya umeme, ameizungushia leso. Anaishi ghorofa ya juu ya duka hilo, na maharagwe yalikuwa bado ndani.

"Imekataa kufunguka," akamwambia muuzaji, uso ameugeuzia kando. "Na mama mkwe ametoka Kajiado leo. Amesimama huko nje kwa ngazi, anasema hawezi kaa nyumba moja na bomu."

Muuzaji akaiweka kwa kaunta. "Mama, ulitoa mvuke?"

"Mvuke gani?"

Muuzaji akasukuma kidude cha juu cha kutolea mvuke kwa mpini wa bisibisi. Sufuria ikapiga kelele, fuuu! Sisi wateja, wanaume tukitangulia, tukajikuta mlangoni. Kelele ikaisha, muuzaji akazungusha kifuniko, kikafunguka polepole. Mama akatoa haragwe moja, akalibonyeza, likapondeka. Akashika kifua, akacheka hadi machozi.

Akampigia mama mkwe simu, akamwita mama kwa Kimaasai. "Yeyo, ingia ndani. Yameiva."

Sauti ya mama mkwe ilitufikia sote: "Saa hii? Na hakuna mtu ameumia?"

"Hakuna, yeyo."

"Basi pakua. Lakini chai yangu nitapika kwa makaa."

Namwelewa kabisa. Sisi tuliokulia jikoni kwa moshi hatuogopi umeme. Tunaogopa chakula kisichokubali kufunuliwa na kuonjwa.