Niliandika "Ni Utani wa Makabila", Mama wa Watu Akauawa

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba jina langu lisionekane popote. Mimi ni mwanaume wa miaka 32, Mgogo wa Mpwapwa, nina mke na binti mmoja, tunaishi Mkonze. Najua wengine mtanitukana kwenye komenti. Tukaneni, lakini msome kwanza mpaka mwisho.

Kazi yangu wengi hamjui hata kama ipo. Ukiripoti video kwenye ule mtandao mnaoshinda humo, kuna kampuni imepewa kazi ya kusoma hizo ripoti, na mimi ni mmoja wa wasomaji. Tuko hapa hapa Dodoma, ghorofa ya pili, mlangoni hakuna kibao. Za Kiswahili tunasoma wengi, ila ikija ya Kigogo inaletwa kwangu peke yangu. Nikibonyeza "acha" inabaki, nikibonyeza "ondoa" inatoka. Nilikuwa naringa jamani! Nyumbani nilikuwa najiita hakimu.

Siku moja baada ya chakula cha mchana ikaja video ya kijiji kimoja cha kwetu. Jamaa kasimama kwenye shamba la uwele lililokauka, anasema kwa Kigogo kwamba mvua imefungwa na yule mama wa Kinyamwezi anayekaa njia ya kisimani, kaificha ndani ya chungu, twendeni tukaifungue. Akamtaja na jina. Anacheka mpaka anakohoa. Na mimi nikacheka! Kwetu Mnyamwezi ni mtani. Bibi yangu alipofariki, mtani wetu alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na waliokuwa wanalia wakacheka. Maneno ya kufunga mvua tumetupiana tangu utotoni. Nikabonyeza "acha", na kwenye sehemu ya sababu nikaandika: Ni utani wa makabila, hauna madhara.

Siku mbili baadaye watu walikwenda kwa yule mama, mchana kweupe. Walivunja vyungu vyake vyote wakitafuta mvua. Kisha wakampiga. Alifia hospitali.

Sasa sikilizeni, maana hili hata mke wangu namwambia nusu nusu. Ile video iliripotiwa mara tatu. Ripoti mbili hazikuwa na maelezo. Ya tatu ilikuwa nayo: "Huyo ni mama yangu. Huyu mtu hatanii, anataka shamba letu. Tusaidieni itoke leo." Nilisoma yote. Nikasonya, nikasema moyoni, watoto wa siku hizi hata utani hawaujui. Nikaendelea na kazi.

Jamaa wa video amekamatwa. Familia ya marehemu nayo imeishtaki kampuni yetu, inataka kujua kama kuna mtu aliiona video ile akaiacha. Bosi akaniita ofisini, yupo na wakili wa kampuni, mama mtu mzima, mpole. Wakili akaniambia, "Mwanangu, nisikilize kabla hujajibu. Mfanyakazi ambaye hakujua, kesi inabaki kwa kampuni, tutapambana nayo. Aliyeambiwa, akajua, akaacha, huyo anaweza kushtakiwa yeye kama yeye. Kompyuta inaonyesha ripoti zilifika kwako, haionyeshi kama ulisoma. Ile ya tatu uliisoma?"

Bosi alikuwa anaangalia dirishani. Nikajibu, "Hapana mama, sikuifungua."

"Basi utayaandika hayo na kusaini Jumatatu."

Tangu hapo kile kicheko cha kwenye video kinanifuata. Nakisikia kanisani, nakisikia nikinyoa ndevu. Binti yangu akicheka sebuleni nashtuka, mtoto wa watu anabaki kuniangalia. Mke wangu anasema, "Baba Neema (jina nimebadili), saini. Ukifungwa huyu mtoto nitamlea na nani?"

Nikashindwa kuvumilia, nikapanda basi kwenda kijijini kwao kutoa pole. Nikajitambulisha kuwa ni mtani wa marehemu, na kweli ni mtani. Aliyenikaribisha ni binti yake, ndiye aliyeandika ile ripoti. Aliposikia nafanya kazi za kompyuta mjini akavuta kigoda karibu yangu.

"Mtani, hebu niambie. Tukiripoti kule, anasoma mtu au mashine? Mama alikuwa ananiuliza kila saa, wamekujibu? Namwambia bado mama, wanasoma."

Nilikuwa nimeshika bakuli la mlenda. Nikasema, "Mashine, dada."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Ningejua kuna mtu alisoma akatuacha, sijui ningefanyaje mimi."

Ule mlenda nilimeza, lakini Mungu ndiye anajua nilivyoumeza.

Juzi kanipigia simu. Kesi yao na kampuni imepangiwa tarehe, itasikilizwa huku Dodoma mjini, na yeye huku hana ndugu wa kiume. Akasema, "Mtani, nisindikize mahakamani. Nataka nikae na mtu wangu." Nikamjibu nitakuja. Wallahi sijui kwa nini nilisema hivyo, na mimi ni Mkristo hata kuapa hivyo si kawaida yangu.

Jumatatu ni keshokutwa. Nikisaini, nitakaa naye kwenye benchi moja, tumsikilize wakili akisema hakuna aliyeyaona maneno yake. Nisiposaini, huenda nikaingia jela, na mwanangu akue bila baba kwa ajili ya neno nililoliandika nikicheka. Kila upande nikigeuka nauona uso wa mtoto, wangu au wa yule mama.

Nishaurini, nifanye nini? Naombeni mnijibu mapema. Siku ile nilipokwenda kutoa pole niliiona simu ya yule dada, na yeye anafuatilia ukurasa huu. Jina langu admin amelificha, lakini nadhani akifika hapa atakuwa ameshanijua.