Aliposema "Tuliingiya"

Tangu asubuhi sikukaa. Nilitoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikapitia kanisani, nikarudi kwenye fleti yetu hapa Tottenham na kupiga deki sakafu ambayo ilikuwa safi tayari. Alasiri hiyo familia ya kijana mmoja ilikuwa inakuja kumposa binti yangu. Mume wangu alifariki zamani, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa langu. Kaka yangu alikuwa wa kupokea wageni na kuongea, kazi ambayo haijawahi kumshinda.

Hata soda ya kwanza haijaisha, kaka yangu na baba wa kijana wakaingia kwenye habari za vita. Wanaume wetu wa Kivu ndivyo walivyo. Wenzao wanaongea mpira, wao wanaongea majenerali: nani aliteka uwanja wa ndege, nani alivuka mto, nani aliwaacha vijana wake bila risasi akakimbilia ng'ambo. Mapigano wanayapanga kama ligi. Mimi nilikuwa naingia na kutoka jikoni, nachemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Habari za vita siwezi kuzisikiliza nikiwa nimekaa.

Mgeni alijua kusimulia, hilo sitamnyima. Muda wote alisema "ba", yaani wao, wale wengine: baliingiya, balipiga, balipita kwa soko. Ungedhani yote aliyasikia redioni. Kisha akafika kwenye mji wetu. Akasogeza sukari iwe kilima, akatuonyesha kwa kijiko jinsi jenerali alivyomzunguka adui kwa nyuma, akamsifu kwa akili zake.

"Asubui tuliingiya," akasema. "Mji ilikuwa mutupu. Ata kuku hatukukuta."

Tuliingiya. Si "ba" tena, ni "tu". Sidhani kama alisikia alichosema. Kaka yangu aliendelea kutikisa kichwa kwa furaha ya hadithi. Mimi nilisimama na birika mkononi, hasira imenipanda mpaka masikioni, na papo hapo nikatamani ningekuwa jikoni nisisikie. Binti yangu alikuwa amevaa kitenge nilichomchagulia mwenyewe, anacheka na kijana wake. Anampenda. Hata mimi nampenda yule kijana, mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Nikinyamaza, jioni inaisha kwa vigelegele.

Baba wa kijana akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mama, tumekuya kuomba mutoto."

Wote wakanigeukia. Nilienda dirishani, nikarudi.

"Mji haikukuwa mutupu, papa," nikasema. "Tulikuwa ndani ya choo ya jirani, tumebanana. Huyu munaomba alikuwa ku mugongo yangu. Nilimufunga kinywa na kitambaa juu asilie, musitusikie."

Binti yangu akaacha kucheka. Habari za kile choo sikuwahi kumwambia. Kiswahili anakisikia vizuri hata kama anajibu kwa Kiingereza.

Mgeni alimtazama binti yangu muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza ameingia sebuleni.

"Balituambia ndani ya mji hamuna mutu," akasema kwa sauti ndogo.

Haya, "ba" yake ikarudi. Kijana alikuwa anamwangalia baba yake mdomo wazi, nikajua kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa kitu.

Nikaweka birika chini. Nikamwambia binti yangu kwamba mtu wake simkatai, na nilisema kweli. Lakini nikasema baba wa kijana atapata jibu langu siku atakapowakalisha hawa watoto wawili na kuwasimulia vita ile kutoka kilimani mpaka mlangoni kwetu, akisema "tu" mwanzo hadi mwisho.

"Siku hiyo, papa," nikamwambia, "na mimi nitaikala chini nisikilize."