Bingwa wa Ufini na Mteremko Wetu wa Nyololo

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, miaka ile ya hamsini. Nilikuwa kijana wa kupasua mbao kwenye vilima vya nyuma ya Nyololo, nami nimesimama kileleni, mbao mbili zimefungwa miguuni kwa kamba za magome, na kule chini watu wamejaa wananingoja niruke.

Unacheka? Cheka tu, hata mimi nacheka. Lakini ngoja nikueleze nilifikaje pale juu, maana mwenyewe sikuelewa vizuri.

Misheni kulikuwa na seremala mzungu, mtu wa Ufini, tukimwita Bwana Fundi. Alikuja kwetu kuchukua mbao, na akishapewa uji, alikaa akasimulia. Siku moja akatupa habari za bingwa wa kijijini kwao. Huyo, alisema, alikuwa mtoto wa mkata miti. Utotoni aliruka kutoka paa la banda la ng'ombe akavunjika mkono. Akapona, akaruka tena. Kwao hujenga njia ndefu ya kushuka mlimani; mtu anavaa mbao miguuni, anaserereka kwenye theluji, kisha njia inakatika, naye anaendelea hewani kama ndege mpaka kule chini. Bingwa alikwenda vitani, akarudi, akawashinda watu wa nchi nyingi, wakambeba mabegani.

"Na sasa yuko wapi?" aliuliza Mgaya, rika langu.

"Sasa magoti mabovu. Yuko nyumbani. Anapasua mbao."

Tulitazamana. "Kama sisi?"

"Kama nyinyi."

Hapo ndipo kichwa kiliponivurugika. Mtu ameruka kama ndege, halafu amerudi kwenye msumeno! Sasa aliruka ili iweje? Bwana Fundi alijaribu kueleza, Kiswahili kikamwishia, akabaki anacheka. Mimi nikashika nusu moja tu ya habari ile: kumbe mpasua mbao anaweza kuruka.

Theluji hatukuijua. Alisema ni nyeupe, ya baridi, inateleza. Basi, sisi si tuna sakitu? Mwezi wa saba umande unaganda majanini, bonde zima linakuwa kama limemwagiwa unga. Nikatangaza: sakitu ikianguka, naruka. Mgaya akaifikisha habari mpaka sokoni.

Ndiyo nikawa pale juu. Katikati ya mteremko kulikuwa na kichuguu kikubwa, ndicho nilichotegemea kinirushe.

"Wee Tai, ruka!" Mgaya alipiga kelele; jina hilo la Tai alinibandika yeye. "Miguu inatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo!"

Mama yangu alikuwa mjane, na mtoto alikuwa na mimi tu. Hakuja kutazama.

Aliyekuja ni baba mdogo, tuliyekuwa tukivuta naye msumeno. Alipanda taratibu, begani ana banzi, kile kipande cha nje cha gogo chenye magome, kisichouzika. Kazini kwetu, kabla ya kuteremsha mbao nzuri kwenye nyasi, tunatanguliza banzi, tuone mteremko leo ukoje. Hakunisalimu. Aliliachia tu. Likaenda mbio, likapiga kichuguu, likaruka. Mwanangu, liliruka vizuri kweli! Likaangukia kisiki, likapasuka vipande.

Watu wakashangilia, wakapiga na vigelegele.

"Umewasikia?" alisema baba mdogo. "Hao hata banzi linawatosha. Mimi nataka mtu wa kuvuta naye msumeno kesho. Mama yako anataka mtoto. Amua mwenyewe."

Akashuka zake, akaniacha. Laiti angenishika mkono! Nilisimama, nikatazama kisiki, nikatazama watu, nikaona naweza, nikaona siwezi. Mwishowe nikafungua kamba, nikashuka kwa miguu.

"Tai amepita njia ya kuku!" Mgaya alicheka mpaka akakaa chini.

Mchana nikamfuata Bwana Fundi karakanani. "Yule bingwa wenu, aliwahi kupanda, asiruke?"

Akafikiri. "Ndiyo. Upepo mbaya. Alishuka kwa ngazi."

"Watu wakamcheka?"

"Sana."

"Akafanyaje?"

"Akaenda kula."

Mwanangu, wewe ota. Mimi na uzee huu bado naota naruka, na ninaamka nimefurahi. Lakini siku watu watakapokuhimiza ufanye jambo ambalo wewe mwenyewe hujalielewa, watazame vizuri wanaoshangilia, ujiulize nani kati yao atakubeba ukivunjika. Usipomwona, shuka. Utachekwa, na kicheko kinauma, sikudanganyi. Mimi kiliniuma mpaka mvua zikaanza. Na usipojua kama uliogopa au ulitumia akili, usijitese. Mimi mpaka leo sijui, na nimeishi.

Mungu akupe mahali pa juu pa kupanda, mwanangu, na kila upandapo akurudishe nyumbani mzima, una njaa, ukute mama yako ameshapakua.