Mkaguzi wa Magoti

Nilichokiona kwanza ni mkongojo wake, ambao mkaguzi huyu mstaafu wa magari huubeba kwapani, usije ukachakaa kwa kugusa sakafu. Katika darasa langu la wazee, la mazoezi ya kuzuia kuanguka, yeye hukagua wenzake. "Bibi, goti hilo limelegea, halifai barabarani," husema, huku mkono wake umeng'ang'ania kiti, bila shaka ili kiti kisianguke. Jana binti yake alimwambia mbele ya wote, "Baba, ukishindwa kusimama kwa mguu mmoja kwenye mtihani wa Ijumaa, unahama chumba chako cha ghorofani. Utalala vyumba vya chini na wajukuu." Darasa lilipotawanyika, alinisogelea. "Mwalimu," alinong'ona, "sasa nifundishe na mimi." Ijumaa ni kesho, na wenzake wote wameahidi kuwahi kuja kumtazama, kwa mapenzi tu.