Babu Aliyewaona Wauaji

Jamani, leo bibi kamuumbua babu hapa Kilosa, mbele ya wageni!

Babu alikuwa anabishana na jirani yetu, Mzee Athumani, kuhusu kiongozi mmoja aliyeuawa enzi za Ujamaa.

"Muuaji alikuwa mmoja," alisema Mzee Athumani.

"Wawili! Niliwaona kwa macho yangu haya!"

Ubishi ukapamba moto, babu akanyanyua fimbo.

Hapo bibi akaacha kuchambua mchele.

"Baba Rehema, yule aliuawa hapa Kilosa, siku ileile ya harusi yetu kule Zombo. Sasa sema: uliwaona wauaji, au ulinioa mimi?"



Babu akakaa taratibu.

"Nilikuoa."

Tulicheka mpaka machozi. Babu akatukazia macho:

"Lakini aliyenisimulia hasemi uongo!"

Haya, nyie mngemjibuje bibi? 😂